Nilikula Supu ya Watu

Najua mshaipata stori yangu ya supu kwenye grupu, kwamba eti nililia, na aliyeirusha namjua. Ila kaongeza chumvi. Sikulia. Lile lilikuwa jasho.

Mimi baa siingii, msikitini naonekana Idi kwa Idi, na toka nihamie Temeke mtu niliyekuwa napiga naye stori ni muuza chipsi. Ndiyo nikajiunga na joging ya mtaani. Unalipa kiingilio, unapewa fulana ya njano, na ukifiwa wanakuja na turubai. Unakataaje?

Jumapili yangu ya kwanza tukatoka saa 12 asubuhi, filimbi mbele, vibendera vyekundu vinazuia daladala, chenja, zile nyimbo za kukimbilia, zinapokelewa utadhani jeshini. Karibu na Uwanja wa Mkapa tukapishana na klabu nyingine. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Kuinuka, nikaona njano, nikafuata njano. (Wewe unayecheka, nusu ya Dar ina fulana ya njano, waulize Yanga.)

Nikakimbia nao mpaka Mbagala! Na chenja nikatoa mimi.

Ikaja supu. Kongoro, chapati mbili, ndimu pembeni. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye filimbi shingoni, akasema, "Naona tuna mgeni. Hebu mwanangu jitambulishe."

Nikasimama. Bakuli mkono wa kushoto, mfupa mdomoni. Nikautoa taratibu, nikaushika kama maiki. "Nimehangaika sana kutafuta watu," nikasema. "Leo nimepata ndugu." Makofi. Hapo ningekaa. Sikukaa. Nikainua mfupa juu, nikataja jina la klabu yetu kwa sauti yote Mungu aliyonipa: "Hoyeee!"

Kimya.

Kijiko kimoja kikagonga bakuli. Mzee mmoja akairudisha chapati yake kwenye sahani. Mwenyekiti akanisogelea, akasoma kifua changu herufi kwa herufi, kidole kinafuata. Kisha akamgeukia mtunza hazina:

"Hili bakuli lake la ngapi?"

La pili, ndugu zangu. La pili!

Akampigia katibu wetu: "Mna mtu wenu huku, anakula." Mshikaji wangu akaja kunichukua na bodaboda kama mtoto aliyepotea sokoni, akacheka mpaka Temeke. Nikapigwa faini kreti moja ya soda, yakaisha.

Yaliishia huko kwetu. Jana usiku Mbagala wameniunga kwenye grupu lao. Ujumbe wa kwanza: mchango wa harusi ya binti wa mwenyekiti. Jina langu lipo tayari, namba 41, Sh 20,000.