Anayekoroma hajisikii

Mjomba, dereva wa lori la makontena, alisinzia barazani Majengo katikati ya maneno yake mwenyewe. Kikombe kikainama polepole mpaka kahawa ikamchuruzikia kikoini. Tulicheka sote isipokuwa mkewe, ambaye usiku humsikia akikoroma, kisha kimya, kimya, halafu ashtuke kama aliyeibuka majini.

Sasa nyumba imegawanyika. Wengine wasema aende kliniki ya usingizi, wengine wasema huo ni unene na uchovu, pesa zisitupwe.

Wa kliniki wana hoja nzito. Koo likilegea usingizini, njia ya hewa huziba. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa. Zikifika mara 5 kwa saa huanza kuitwa maradhi, 30 ni hali kali. Mwenyewe hajui. Ndiyo maana hulazwa usiku kucha na nyaya kichwani, mikanda kifuani na tumboni, na kibanio kidoleni cha kupima oksijeni. Na huyu si mtu wa kukaa nyumbani. Ashika usukani kwenda Nairobi.

Lakini wapinzani nao wasidharauliwe. Vipimo hivyo ni ghali, na nani alalaye vizuri kitanda cha ugenini akiwa amefungwa nyaya? Kwa mtu mwenye dalili za wazi kama mjomba, kifaa cha kupimia, cha kulala nacho nyumbani, mara nyingi chatosha. Tena kuna wanaokwenda kliniki kwa kukosa usingizi tu. Hao, kwangu mimi, nyaya hazina kazi kwao: kijana anayetafuna muguka, majani ya kuchangamsha, mpaka saa sita usiku ahitaji kuulizwa maswali, aandike wiki mbili saa anazolala na kuamka, kisha abadilishe mazoea. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia navyo ni hatari. Baadhi huzidi kulegeza koo.

Tiba ya mjomba yaweza kuwa mashine ya CPAP, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan kule Australia, ripoti yake ikatoka 1981. Husukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Haiponyeshi, ukiivua, koo laziba tena. Hebu fikiria barakoa hiyo katika joto la kaskazi, stima zimekatika!

Mkewe amemrekodi kwa simu, na daktari ataisikiliza. Mjomba ana swali moja tu: akilala ndani ya lori Mariakani, mashine ataichomeka wapi? Ziko zinazokubali betri, nimemwambia. Akauliza bei.