Kabla ya Kushangaa, Uliza Imepimwaje

Nina udhaifu mmoja: nikikutana na sentensi inayoanza na "Je, wajua?", siwezi kuipita. Huisoma, hushangaa, kisha huisambaza kwa kila mwenye simu kabla mshangao wenyewe haujapoa. Aliyenikomesha ni mpwa wangu. Nilikuwa nimewatumia jamaa lile dai kwamba Ukuta Mkuu wa China ndio kitu pekee kilichojengwa na binadamu kinachoonekana kwa macho kutoka anga za juu. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Mjomba, nani alikwenda kuangalia?"

Sikuwa na jibu, nikaenda kulitafuta. Kumbe dai hilo lilikuwa likichapishwa miongo kadhaa kabla Yuri Gagarin hajarushwa mwaka 1961, yaani lilienea wakati hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kufika huko. Na mwaka 2003, Yang Liwei, mwanaanga wa kwanza kurushwa na China, aliporudi alisema hakuuona. Ukikaa ukafikiri, wala si ajabu. Ukuta ni mrefu sana lakini upana wake ni mita chache tu, na rangi yake inashabihiana na ardhi unayopita. Uzi wa kahawia juu ya zulia la kahawia, hata uwe mrefu vipi, ukiwa mbali huuoni.

Tangu siku hiyo kila ajabu ninayoletewa naiuliza imepimwaje, na nani. Nimegundua kwamba nyingi hazihusu dunia hata kidogo. Zinahusu vipimo vyetu, na maneno tuliyoyazoea mpaka tukasahau kwamba ni sisi tulioyakata na kuyashona.

Chukua milima. Ukiuliza mlima mrefu kuliko yote utajibiwa Everest, mita 8,849, na jibu ni sahihi iwapo unaanza kupima kwenye usawa wa bahari. Ukianzia kitovuni mwa dunia, bingwa ni Chimborazo wa Ekwado. Huo una mita 6,263 tu juu ya bahari, lakini kilele chake kiko mbali na kitovu kuliko cha Everest kwa takriban kilomita mbili. Hapa ndipo wasambazaji wengi huishia, na hapo ndipo msomaji anapodhulumiwa, kwa sababu utamu uko kwenye sababu. Dunia si duara kamili. Inajizungusha bila kupumzika, na kuzunguka huko kumeitunisha kiunoni. Kutoka kitovuni hadi ikweta ni kama kilomita 6,378. Kutoka kitovuni hadi kwenye ncha ni 6,357. Tofauti hiyo ya kilomita 21 inazidi Everest mbili zikibebeshwa moja juu ya nyingine! Chimborazo umekaa karibu kabisa na ikweta, juu ya ule unene, ilhali Everest uko kwenye nyuzi 28 kaskazini, ambako kiuno kimeshaanza kupungua. Ni mtu mfupi aliyepanda juu ya meza. Na kama unapendelea kupima kuanzia unyayoni, basi Mauna Kea wa Hawaii unawapita wote wawili: zaidi ya mita 10,000 kutoka sakafu ya bahari, ingawa sehemu inayochungulia juu ya maji ni mita 4,207 tu.

Zuhura nayo imenikosesha usingizi zaidi ya mara moja, kwa kuwa dai linalosambazwa kuihusu ni la kweli na bado linapotosha. Wanasema siku moja ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake. Naam: sayari hiyo hutumia siku zetu 243 kujizungusha mara moja, na 225 kulizunguka Jua. Lakini tuseme umesimama pale (joto lingekumaliza kwanza, na mawingu mazito yasingekuruhusu kuliona Jua, ila tuseme tu) ukisubiri kutoka macheo mamoja hadi mengine. Ungesubiri siku 117 hivi, si 243. Zuhura hujizungusha kinyume na upande inaokwenda katika kulizunguka Jua, kwa hiyo miendo yote miwili inaharakisha kurudi kwa Jua lile lile, tena likichomozea magharibi. Ndani ya mwaka mmoja wa huko ungeona karibu macheo mawili. Sasa "siku" ni ipi kati ya hizo? Hapo hatuulizi tena habari za Zuhura. Tunauliza neno letu lina maana gani.

Jangwa ni hivyo hivyo. Tukishakubali kwamba jangwa ni ukame na si mchanga, Antaktika yenye kilomita za mraba milioni 14 hivi inaiacha nyuma Sahara yenye milioni 9. Hata neno "kale" linahitaji kuchunguzwa. Tunamtia Cleopatra na piramidi kubwa la Giza kwenye kapu moja, wakati piramidi lilijengwa takriban miaka 2,500 kabla ya kifo chake mwaka 30 KK, na kutoka kifo hicho hadi binadamu kukanyaga Mwezi mwaka 1969 ni kama miaka 2,000 tu.

Kuna neno jingine linaloniudhi zaidi: "lisilojulikana". Mwezi Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho aliona samaki wa ajabu katika mzigo wa wavuvi. Alikuwa silikanti, jamaa ya samaki ambao wataalamu waliamini walitoweka zama za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Dunia ikapigwa na butwaa. Profesa J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki, akatangaza zawadi kwa atakayempata wa pili, na ilichukua miaka 14, hadi 1952, alipopatikana Komoro. Kule wavuvi walikuwa wakimnasa mara moja moja, na jina walikuwa nalo: gombessa. Nyama yake ya mafuta mafuta haikuwavutia. Kwa hiyo ninaposoma kwamba samaki huyo "hakujulikana" kuwa yu hai, nauliza kama mpwa wangu: hakujulikana na nani?

Isidhaniwe kwamba nimekuwa mkavu, nisiyeshangaa tena. Zipo ajabu ambazo ukizipima vizuri zinazidi kukua. Nayoipenda kuliko zote ni vumbi. Kaskazini mwa Chad kuna bonde la Bodélé, lililokuwa sehemu ya ziwa kubwa mno kabla halijakauka. Chini yake yamebaki mabaki ya viumbe vidogo vya majini, laini kama unga, na upepo unaobanwa kati ya milima huyapeperusha kwa wingi. Mwaka 2015 watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti walikadiria kwamba vumbi la Sahara linaloangukia bonde la Amazon, ng'ambo ya Atlantiki, ni kama tani milioni 27.7 kwa mwaka, likiwa na takriban tani 22,000 za fosforasi, kirutubisho ambacho mimea huhitaji ili ikue. Kiasi hicho cha fosforasi kinakaribia kile ambacho msitu hupoteza kwa kuoshwa na mvua na mafuriko. Hapa hakuna mchezo wa maneno. Jangwa linarutubisha msitu, na mbolea yenyewe ni ziwa lililokufa. Hiyo ningeisambaza hata usiku wa manane.

Nyingine ni ya mkunga wa Ulaya, yule samaki mwenye umbo la nyoka. Mwaka 1876, kijana Sigmund Freud, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa kuchambua akili na ndoto za watu, alipelekwa Trieste akapasua mikunga mamia akitafuta korodani zao, akarudi bila jibu la uhakika. Baadaye Johannes Schmidt wa Denmaki akatumia karibu miaka 20 akivua mabuu ya samaki hao katika Atlantiki, akifuata yaliyo madogo zaidi na zaidi, mpaka yakamfikisha Bahari ya Sargasso. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wamewafuatilia kwa vifaa mikunga wakubwa hadi huko huko. Ila mayai yao baharini hayajawahi kupatikana, wala hajatokea aliyewaona wakizaliana. Nilipomsimulia mpwa wangu alicheka sana: samaki aliyepewa jina la mkunga, na hakuna aliyewahi kuhudhuria uzazi wake.