Tusimwache Yona Ufukweni

Nenda shule ya Jumapili yoyote hapa Mombasa, iwe Likoni au Mikindani, uwaulize watoto wa chekechea habari za Yona. Watakwambia alitumwa akakataa, akamezwa na samaki mkubwa, akatapikwa. Halafu? Halafu mwalimu akasema tuwatii wazazi, tukaimba, tukapewa biskuti.

Kitabu cha Yona kina sura 4. Samaki anamtapika mwishoni mwa sura ya 2. Maana yake tunawasimulia watoto nusu ya kisa, na nusu iliyobaki tunaifidia kwa mawaidha yetu wenyewe. Nafundisha hao wadogo, wa miaka 3 hadi 6, na naona nusu tunayoitupa ndiyo iliyo yao hasa.

Hebu tazama kilichomo. Watu wa Ninawi, mji aliotumwa Yona, wanaambiwa kwamba baada ya siku 40 mji wao utaangamizwa. Mfalme anashuka kitini pake, anavaa gunia, anakaa kwenye majivu. Haijatosha: anaamuru hata wanyama wavikwe magunia. Ng'ombe na gunia! Hapo darasa zima linaanguka kwa kicheko, na hakuna haja ya kueleza toba ni kitu gani, maana mji uliofika hadi ya kuwavisha ng'ombe umeshtuka kweli. Mungu anawasamehe. Yona, badala ya kufurahi, ananuna. Anatoka nje ya mji, anajijengea kibanda, anakaa kivulini kutazama yatakayoupata mji. Mungu anamwoteshea mtango wa kumfunika, naye Yona anaufurahia mno. Kesho yake alfajiri buu anautafuna, unakauka, jua linamchoma kichwani, na Yona ananuna upya. Safari hii anasema heri afe.

Nani anayejua kununa kumshinda mtoto wa miaka 4? Utii ni hamu yetu sisi wakubwa. Lakini kukasirika kwa sababu ndugu yako kasamehewa, na wewe ulikuwa umekaa mkao wa kumtazama akichapwa, hilo wanalijua mpaka ndani. Nikifika kwa Yona kibandani wanatulia kuliko nikiwa kwenye samaki.

Sisemi tusikate. Mtoto mdogo ukimpa kila kitu unamtisha bure. Goliathi kwangu hupigwa jiwe akaanguka, basi. Habari za kichwa kukatwa atazisoma mwenyewe akikua. Kisa cha Ibrahimu kumpeleka Isaka mlimani siwasimulii kabisa watoto wa umri huu. Kuna mtoto atakayekwenda nyumbani akamwona baba yake ameshika kisu cha kukatia nyama, na usiku asilale. Kukata ni jambo moja, kubadilisha ni jingine. Nimewahi kumsikia mwalimu akiulizwa wale waliobaki nje ya safina ya Nuhu walikwenda wapi, akajibu walikimbilia milimani. Alikuwa na huruma, lakini ule ni uongo, na milima yenyewe Biblia inasema ilifunikwa. Watoto wa hapa wamezungukwa na maji. Kwamba maji huua wanalijua. Waambie walikufa, kwa sauti ya kawaida, usonge mbele.

Kibaya zaidi ni kisa kinachogeuzwa fimbo. Elisha alidhihakiwa upara wake na watoto, wakatoka dubu wawili wakawararua 42 kati yao. Kisa hicho hakina kazi yoyote kwa mtoto wa miaka 5, ila utakisikia kikitolewa pale tu watoto wanapopiga kelele. (Mara nyingi msimulizi mwenyewe ana upara.)

Wengine huanza na paukwa, pakawa. Naipenda, nimelelewa nayo, lakini siitumii hapo. Paukwa hufungua mlango wa Sungura na Fisi, na mtoto anajua fika kwamba Fisi hasemi. Ila ule mtindo wa kuwarushia neno wakurudishie nauchukua wote. Yona akaenda Yafa akakuta merikebu, akatoa nini? Nauli! Wanaitikia kama makondakta. Juzi mmoja wa Likoni akauliza kwa nini alilipa ilhali feri ni bure kwa waendao kwa miguu. Swali la haki kabisa.

Na kwa kuwa hapa ni Mombasa, kisa hakikai kanisani. Kitatoka kiende uani, kikutane na mtoto wa jirani aliyetoka madrasa, na huyo anamjua Nabii Yunus vizuri sana. Kwake mmea wa mung'unye unaoteshwa pale pale baada ya samaki, Yunus akiwa mgonjwa, na watu anaotumwa kwao ni laki moja au zaidi. Kwetu mtango unakuja mwisho. Watakuja mbio kukuuliza nani mkweli. Nawaambia madrasa wanasoma hivyo, nasi tunasoma hivi, endeleeni kucheza. Mji huu una mazoea hayo tangu zamani: mmisionari Krapf alipoanza kuitafsiri Mwanzo kwa Kiswahili hapa mwaka 1844, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa.

Wazazi hulalamika kwamba mtoto akirudi nyumbani akiulizwa somo la leo hana jibu, anazungumzia ng'ombe na buu. Ndiyo, na ni sawa. Kitabu chenyewe hakitoi jibu. Kinaishia kwenye swali. Mungu anamwuliza Yona: wewe umeuhurumia mtango, je, mimi nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kulia na kushoto, na wanyama wengi? Yona hajibu, au akijibu hatuambiwi. Nami siku hizi naishia hapo hapo, nawauliza watoto swali lile lile kisha nafunga mdomo. Mara ya mwisho mmoja alisema Mungu aliwahurumia kwa sababu ya ng'ombe, mwenzake akasema hapana, kwa sababu ya watoto, na biskuti zikagawiwa wakiwa bado wanabishana.