Nyuki Wakiingia Darini, Tumwite Mrina Asali na Tumlipe

Asali ya misitu ya miyombo ya Sikonge, Urambo na Kaliua inauzwa hadi Dar es Salaam kwa jina la Tabora, na chuo cha mafunzo ya ufugaji nyuki kipo hapa hapa mjini kwetu. Pamoja na hayo, nyuki wakiingia kwenye dari la nyumba ya mtu, watu wengi hukimbilia dawa ya mende, mafuta ya taa au mwenge wa moto. Ninaipinga tabia hiyo kwa moyo wangu wote, na ninasema hivyo baada ya kuona matokeo yake kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Mwaka juzi kundi la nyuki lilihamia darini kwetu, likipita kwenye mwanya wa fisha bodi, yaani ubao wa ukingoni mwa paa, upande wa jikoni, mahali ambapo ubao ulikuwa umepinda kwa sababu ya mvua. Tulikaa nao wiki kadhaa bila mtu kuumwa. Kisha kijana wa jirani, akiwa na nia njema kabisa ya kutusaidia, akapanda ngazi saa saba mchana na kopo la dawa ya wadudu, akapulizia mwanyani. Yeye aliweza kukimbia na kujifungia chumbani, lakini mbuzi wetu aliyekuwa amefungwa kamba chini ya mwembe hakuwa na pa kwenda, na alikufa kabla ya magharibi.

Baadaye nilielewa kwa nini mambo yalikwenda kasi namna ile. Nyuki anapochoma, mwiba hubaki kwenye ngozi pamoja na kijifuko cha sumu, na kutoka hapo hutoka harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, ambayo kwa nyuki wengine ni wito wa kushambulia mahali pale pale. Mchomo mmoja huita kumi, na kumi huita mamia. Nyuki wetu ni wakali zaidi kulinda kiota kuliko wale wa Ulaya, kiasi kwamba malkia waliochukuliwa Afrika Kusini na Tanganyika wakapelekwa Brazil mwaka 1956 waliacha kizazi ambacho, baada ya makundi 26 kutoroka mwaka 1957, kilienea hadi Marekani na kuogopwa sana huko. Sisi tumeishi na nyuki hao kwa vizazi vingi, tukiwatundikia mizinga ya magome juu ya miti, kwa hiyo maarifa ya kuwashughulikia tunayo.

Madhara ya dawa hayakuishia kwa mbuzi. Dawa huua nyuki, lakini masega hubaki. Nyuki walio hai hupepea mbawa zao mchana kutwa ili kiota kisipate joto kupita kiasi. Wakishakufa hakuna wa kufanya kazi hiyo, na chini ya bati la Tabora mwezi wa Oktoba nta hulainika na asali hutiririka. Doa la kahawia lilitokea kwenye dari la jikoni, likapanuka mpaka likawa na ukubwa wa sinia, wakaja siafu, ikaja harufu ya majana, yaani watoto wa nyuki, yaliyooza. Msimu uliofuata likaja kundi jingine na kuingia kwenye mwanya ule ule. Mfugaji yeyote angetuambia kwamba lingekuja, kwa kuwa yeye mwenyewe hupaka nta ndani ya mzinga mtupu ili harufu yake ivute nyuki.

Safari hiyo tulimwita mzee mmoja anayerina asali upande wa Sikonge. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaomba kiti akakaa uani kwa muda mrefu akiwatazama tu nyuki wakitoka na kuingia. Jua lilipozama alipanda ngazi, akaweka mgongo wa mkono kwenye ubao wa dari, akausogeza polepole, akasimama mahali pamoja na kuniita niguse. Ubao ulikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. "Hapa ndipo majana yalipo, mwanangu," alisema, "na malkia hayuko mbali." Nyuki hulea majana katika joto la nyuzi 34 au 35 hivi, na mzee alilijua joto hilo kwa mkono wake.

Alifukiza moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, akafungua ubao, akakata masega moja moja. Yenye asali aliyaweka kwenye ndoo. Yenye majana aliyafunga kwa kamba za katani kwenye vijiti vya mzinga. Nyuki walipoanza kujipanga mlangoni mwa mzinga, mikia juu, wakipepea mbawa bila kuondoka, akatuambia kwamba malkia ameshaingia na wengine watamfuata. Usiku huo huo aliubeba mzinga kwenda mbali zaidi ya kilomita 3, kwa sababu ukiwekwa karibu nyuki wanaotafuta chakula hurudi walikozoea.

Alidai shilingi 40,000. Baadhi ya ndugu zangu walinung'unika kwamba asali anaichukua, sasa fedha za nini. Hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Kundi lililohamia karibuni huwa na majana mengi kuliko asali, na ndoo yetu ya lita 10 haikufika hata nusu. Mtu anayepanda ngazi usiku, akachomwa, akafungua dari na kulisafisha, amefanya kazi ya fundi na anastahili ujira wa fundi. Tukiendelea kumlipa kwa masega, vijana hawataona sababu ya kujifunza kazi hii, nasi tutabaki na makopo ya dawa. Zaidi ya hayo, ikiwa dawa imekwisha kupuliziwa, ni wajibu wetu kumwambia kabla hajagusa kitu, kwa kuwa asali hiyo haifai kuliwa wala kuuzwa.

Si kila kundi linahitaji kuitiwa mtu. Nyuki waliojikusanya tawini kama fundo kubwa kwa kawaida wamo safarini, na wengi huondoka baada ya siku moja au mbili. Kinachotakiwa ni kuwazuia watoto wasirushe mawe na kuwahamisha mbuzi na mbwa waliofungwa. Mtu akishambuliwa akimbie moja kwa moja hadi ndani ya nyumba, amefunika uso, wala asijitose majini, kwa sababu nyuki humsubiri aibuke. Miiba ikwanguliwe haraka iwezekanavyo, kwa ukucha au chochote kilicho karibu, maana kijifuko huendelea kusukuma sumu. Aliyevimba midomo, anayepumua kwa shida, anayehisi kizunguzungu au aliyechomwa mara nyingi apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja kuona kama atapata nafuu.

Ninachoomba ni jambo dogo: kila ofisi ya serikali ya mtaa iwe na majina na namba za warina asali wa karibu, yakiwa yamebandikwa ukutani, na wananchi wajue kiasi cha kulipa kabla ya dharura. Kwangu, asubuhi iliyofuata, mke wangu alikwangua mabaki ya nta na kuosha mbao kwa maji ya moto na sabuni, nami nikaubadilisha ubao uliopinda na kuweka wavu wa chuma nyuma yake, kwa kuwa tundu la milimita 6 linamtosha nyuki kupita. Hawajarudi.