Dhahabu ya Berlin bado ni ya Zaripova, na inabidi ibaki

Ukipitia orodha rasmi ya mabingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa wanawake, kwenye mwaka 2009 utakuta jina la Mrusi Yuliya Zarudneva. Ni yuleyule aliyejulikana baadaye kama Yuliya Zaripova, akatwaa dhahabu ya dunia Daegu mwaka 2011 na ya Olimpiki London mwaka 2012, kisha akapokonywa zote mbili kwa sababu ya dawa zilizopigwa marufuku.

Ile ya 2009 hakuishinda uwanjani. Fainali ya Berlin ilikatwa utepe na Mhispania Marta Domínguez, Zarudneva akawa wa pili kwa dakika 9:08.39, na Milcah Chemos wa Kenya wa tatu kwa 9:08.57. Miaka sita baadaye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikamtia hatiani Domínguez (ambaye, tusisahau, alikuwa pia ameketi katika Seneti ya Uhispania) na kumvua ubingwa. Mrusi akapanda, Chemos naye akapanda. Kwa hiyo mtu aliyefungiwa kwa dawa amerithi taji la mwingine aliyefungiwa kwa dawa, na Mkenya aliyeachwa kwa sehemu 18 za mia za sekunde amebaki na fedha.

Wengi wakilisikia hili husema ni kichekesho, na madai yao ni mepesi kueleweka: aliyethibitika kudanganya mwaka 2011 ana haki gani ya kuaminiwa kuhusu 2009? Mwili ni uleule, na nchi ndiyo ileile ambayo ripoti ya mchunguzi huru Richard McLaren ya mwaka 2016 ilieleza jinsi serikali ilivyoshiriki kuficha vipimo vya wanamichezo wake. Nakiri dai hili lina uzito kuliko wanasheria wanavyopenda kukubali.

Lakini kabla ya kuhukumu, tuangalie Zaripova alivyonaswa. Hakunaswa na chupa ya mkojo siku ya mashindano. Alinaswa na pasipoti ya kibayolojia, utaratibu ambao shirikisho la kimataifa la riadha, wakati huo IAAF, liliuanza mwaka 2009. Pasipoti hii haitafuti dawa yenyewe. Hufuatilia damu ya mwanariadha mwaka hadi mwaka, kiwango cha hemoglobini na cha chembe changa nyekundu, na mabadiliko yakizidi yale ambayo mwili unaweza kuyaleta wenyewe, jopo la wataalamu huitwa. Huko Daegu kila mwanariadha alitolewa damu, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kabla ya hapo. Kwa hiyo ushahidi dhidi ya Zaripova una tarehe. Unasema damu yake ilikuwa na kasoro kuanzia wakati fulani, na kabla ya wakati huo hausemi kitu.

Hapo ndipo watu wawili wanaoichukia dawa kwa kiwango kilekile wanaweza kuachana njia. Mmoja atasema ukimya wa ushahidi haumsafishi mtu. Mwingine atajibu kwamba haumtii hatiani pia.

Mimi niko na huyu wa pili, ila si bila mashaka, na sababu ya mashaka ni jinsi Urusi yenyewe ilivyoishughulikia kesi hii. Januari 2015, wiki chache baada ya televisheni ya ARD ya Ujerumani kufichua mtandao wa dawa katika riadha ya Urusi, shirika la kupambana na dawa la nchi hiyo, RUSADA, lilitangaza kumfungia Zaripova miaka miwili na nusu, ikihesabiwa tangu Julai 2013. Matokeo yake yakafutwa kwa vipande: kuanzia 20 Juni hadi 20 Agosti 2011, halafu kuanzia 3 Julai hadi 3 Septemba 2012. Fainali ya London, ya tarehe 6 Agosti 2012, ikaangukia ndani ya kipande cha pili. Fainali ya Daegu ilikimbiwa tarehe 30 Agosti 2011. Yaani kipande cha kwanza kilikoma siku kumi tu kabla ya dhahabu ya dunia, na dhahabu ikabaki Urusi.

Huwezi kuniambia hiyo ni bahati. Tena hakuwa peke yake. Wanariadha kadhaa wa Urusi wa mbio za kutembea walikatiwa tarehe kwa mtindo uohuo. IAAF ikakata rufaa, na Machi 2016 CAS ikaamua kwamba kufuta kwa kuchagua hakukubaliki. Matokeo yote ya Zaripova kutoka katikati ya 2011 hadi Julai 2013 yakafutwa, Daegu ikiwemo. Novemba mwaka huohuo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikapima upya sampuli yake ya London na kukuta turinabol, steroidi iliyokuwa maarufu enzi za Ujerumani Mashariki. Tangu hapo hakuna wa kudai kwamba damu yake ilisomwa vibaya.

Tofauti ninayoiona kati ya Daegu na Berlin ni hii. Daegu ushahidi ulikuwepo, ukakatwa na watu waliokuwa na maslahi. Berlin ushahidi haukuwepo. Jambo la kwanza ni hila, la pili ni mpaka wa sheria, na anayeyachanganya anawapa RUSADA ya wakati ule utetezi wasiostahili.

Wapo wanaomtetea Zaripova kwa njia nyingine: kwamba mwanariadha wa Urusi wa miaka ile hakuwa na hiari, kwani kocha, daktari, shirikisho na maabara vyote vilivuta upande mmoja. Kuna ukweli humo. Ila Habiba Ghribi wa Tunisia hakuwa na mfumo wa kumkinga, na ndiye aliyemaliza wa pili Daegu na London. Medali zake mbili za dhahabu alikabidhiwa Juni 2016, katika sherehe iliyofanyika kwao Radès, na ndivyo alivyokuwa Mtunisia wa kwanza wa kike mwenye dhahabu ya Olimpiki. Ilikuwa karibu miaka minne baada ya London, alipopanda jukwaani kama mshindi wa pili. Chemos naye alipata shaba ya London kwa njia hiyohiyo, baada ya kutoka uwanjani wa nne, pamoja na fedha ya Daegu badala ya shaba. Huruma kwa Zaripova ianze baada ya hawa.

Sasa chukua hoja ya wanaotaka Berlin ifutwe, uipeleke mbele kidogo. Itamfikia Gulnara Galkina, Mrusi aliyeshinda Olimpiki ya kwanza ya mbio hizi kwa wanawake, Beijing 2008, kwa 8:58.81, akiwa wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika tisa. Aliyekuwa wa tatu siku hiyo, Mrusi mwenzake Yekaterina Volkova, alivuliwa shaba mwaka 2016 baada ya sampuli yake kupimwa upya. Galkina hakuvuliwa dhahabu yake. Tumfute kwa sababu ya jirani yake wa jukwaani? Samaki mmoja akioza wote wameoza ni methali ya sokoni, si kanuni ya ushahidi.

Na haitaishia Urusi. Ruth Jebet, aliyeivunja rekodi ya Galkina mwaka 2016, alizaliwa Kenya, akaiwakilisha Bahrain, kisha akafungiwa miaka minne kwa EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu. Lamine Diack, Mwafrika aliyeiongoza IAAF miaka yote hiyo, alihukumiwa na mahakama ya Paris mwaka 2020 kwa rushwa iliyohusu kuchelewesha kesi za Warusi. Mwaka 2016 Kenya yenyewe ilitangazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, kuwa haikidhi kanuni, na orodha ya Wakenya waliofungiwa tangu hapo ni ndefu. Tukikubali kwamba nchi yenye sifa mbaya inatosha kuwa ushahidi, Mkenya safi atajitetea kwa lipi?

Kwa upande wa Berlin, mlango umeshafungwa kisheria vilevile. Kanuni za sasa zinaruhusu kufungua kesi ndani ya miaka kumi tu tangu kosa lidaiwe kutendeka, na miaka hiyo iliisha 2019. Chemos angalau alikuwa ameshapata ubingwa wake wa dunia kwa miguu yake mwenyewe, Agosti 2013, kwa 9:11.65, katika uwanja wa Luzhniki, Moscow. Zaripova wakati huo alikuwa tayari anahesabiwa amefungiwa, ingawa dunia ilisubiri mwaka mmoja na nusu kuambiwa.