Sumaku ya tani 132 na kazi ya Denis Le Bihan: ubongo tunauona au tunaukisia?

Mwaka 2021, mashine ya MRI (inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio) yenye sumaku kali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kwa ajili ya mwili mzima wa binadamu ilitoa picha zake za mwanzo. Ndani yake waliweka boga. Zamu ya watu ilifika baadaye: Aprili 2024 kituo cha NeuroSpin kilichoko Saclay, karibu na Paris, kilitangaza picha za ubongo wa wajitolea wapatao 20. Sumaku hiyo, iitwayo Iseult, ina uzito wa tani 132 na nguvu ya tesla 11.7, wakati mashine nyingi za hospitali ni za tesla 1.5 au 3. Kwa dakika 4 tu inatoa picha inayotofautisha vitu vya milimita 0.2, katika vipande vyenye unene wa milimita 1.

Mtu aliyeisukuma ndoto hiyo tangu mwanzo ni Denis Le Bihan, daktari wa radiolojia ambaye pia ni mwanafizikia, na ndiye mwasisi wa NeuroSpin. Ajabu ni kwamba kazi yake iliyobadilisha zaidi tiba ilianza mwaka 1985 kwenye mashine ya tesla 0.5, dhaifu hata kwa viwango vya hospitali za leo. Mtu mmoja ameshika ncha zote mbili za mjadala, kwa hiyo kumpima yeye ni njia nzuri ya kuupima mjadala wenyewe: kuuelewa ubongo kunadai sumaku kubwa zaidi, au kunadai kitu kingine?

Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza, gumu kulitekeleza. Molekuli za maji hazitulii. Kila moja inatangatanga bila mwelekeo, mwendo unaoitwa usambaaji, na hesabu ya mwendo huo Einstein aliiweka wazi mwaka 1905. Ndani ya mwili, katika sehemu ya 20 ya sekunde, molekuli husogea maikromita 10 hadi 20 hivi, yaani kiasi cha upana wa seli. Ikikutana na kuta za seli, mwendo unapungua. Le Bihan alitambua kwamba MRI ikifanywa ihisi mwendo huo, picha yenye vipimo vya milimita inaweza kubeba habari za vitu vidogo mara mia. Alianzia kwenye ini, akitaka kutofautisha aina za uvimbe, akakwama kwa sababu kupumua kulivuruga picha. Akahamia kwenye ubongo, ambao angalau hautikisiki namna hiyo.

Tunda kubwa likawa kiharusi. Mwaka 1990 watafiti wa California walionyesha kwa paka kwamba mshipa ukiziba, picha ya usambaaji wa maji inabadilika chini ya saa moja. Sababu inayokubalika zaidi ni hii: seli ikikosa oksijeni, pampu zake za chumvi zinazimika, maji yanaingia, seli inavimba, na mwendo wa maji unashuka ghafla. Sehemu iliyoumia inang'aa kwenye picha wakati CT-scan, yaani picha za eksirei zinazoundwa na kompyuta, mara nyingi bado haionyeshi kitu, ingawa kwa damu iliyovuja CT inabaki ya haraka na ya kutegemewa.

Faida yake kwa mgonjwa imepimwa. Jaribio la WAKE-UP lililochapishwa mwaka 2018 lilichukua wagonjwa 503 ambao haikujulikana kiharusi kiliwaanza saa ngapi, wengi wao wakiwa wameamka nacho. Zamani hawakupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwani dawa hiyo hutolewa ndani ya saa chache tu tangu kiharusi kianze. Madaktari walilinganisha picha ya usambaaji na picha nyingine ya MRI inayochelewa kubadilika. Kama ya kwanza imeng'aa na ya pili bado, kiharusi ni kipya. Waliopewa dawa walipona vizuri kwa asilimia 53.3, dhidi ya 41.8 kwa waliopewa dawa bandia. Vifo navyo vilikuwa 10 dhidi ya 3, tofauti ambayo kitakwimu haikufikia uhakika lakini si ya kupuuzwa. Isitoshe, jipu la ubongo nalo hung'aa, na viharusi vidogo vya shina la ubongo vinaweza kutoonekana saa za mwanzo. Hata hivyo kwangu hoja hii imekwisha: hapa njia kutoka ishara hadi hitimisho ni fupi, na kila hatua yake imekaguliwa.

Mambo hubadilika tunapofika kwenye ramani za nyuzi za neva, zile picha za rangi rangi zinazopamba majalada ya majarida. Mwaka 1994 Peter Basser, James Mattiello na Le Bihan walionyesha jinsi ya kupima mwelekeo ambao maji yanapita kwa urahisi. Maji hufuata uzi kuliko kuukatiza, kwa hiyo kompyuta ikiunga mielekeo hiyo hatua kwa hatua inachora njia. Wapasuaji wa uvimbe wa ubongo huitumia ili wasikate njia za mwendo au za lugha, na sitaki kuibeza huduma hiyo.

Lakini ile njia imechorwa na hesabu, haikuonekana. Kipande kimoja cha picha cha milimita 2 kina nyuzi za neva laki kadhaa, na mara nyingi zinapishana humo humo. Mwaka 2017 timu 20 zilipewa data ya ubongo wa kuigiza ambao njia zake halisi zilijulikana. Programu nyingi zilizipata njia za kweli, angalau kwa sehemu, kwa takriban asilimia 90. Shida ni kwamba zilichora pia njia za uongo nyingi kuliko za kweli. Mpasuaji anaweza kuhakiki kwa kuusisimua ubongo kwa umeme wakati wa upasuaji. Mtafiti anayetangaza kwamba ugonjwa fulani wa akili unatokana na nyuzi zilizolegea hana nafasi hiyo.

Le Bihan mwenyewe hakukwepa maji marefu. Mwaka 2006, akiwa na wenzake wa Japani, alidai kwamba usambaaji wa maji unaweza kuonyesha ubongo ukifanya kazi, kwa kuvimba kidogo kwa seli, bila kusubiri mtiririko wa damu ambao fMRI, mbinu ya mwanasayansi Seiji Ogawa ya mwaka 1990 ya kuona ubongo ukifanya kazi, inautegemea na ambao hufika kilele baada ya sekunde kama 5. Mwaka uliofuata watafiti wa Oxford waliwapa watu hewa yenye kaboni dayoksaidi, inayotanua mishipa ya damu bila kazi maalumu ya ubongo, na ile ishara ikabadilika pia. Mzozo haujafungwa. Mimi naegemea upande wa wakosoaji, ingawa huo ndio ukosoaji ambao wazo lenye ujasiri linastahili kupata.

Sasa je, tesla 11.7 itaponya udhaifu huu? Kwa sehemu tu. Sumaku kali inaongeza ishara, hilo halina ubishi. Lakini katika uga mkali wa sumaku ishara ya maji hufifia upesi, na vipimo vya usambaaji vinahitaji muda. Mawimbi ya redio yanakuwa mafupi kuliko upana wa kichwa, hivyo picha hutoka na mabaka yanayodai kusawazishwa. Palipo na hewa karibu na ubongo, picha inapinda. Kwa nyuzi za neva, maendeleo makubwa yametokana na koili za gradienti zenye nguvu (nyaya zinazobadilisha uga wa sumaku kutoka sehemu hadi sehemu) kwenye mashine za tesla 3, na si sumaku kuu. Upande wa pili wa ngazi, mashine ya tesla 0.064 inayosukumwa hadi kitandani iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Picha zake ni hafifu, ila zinapatikana mahali mgonjwa alipo.

Hoja inayonishawishi kuhusu Iseult ni nyingine: inaweza kusaka atomi ambazo mashine za kawaida zinaziona kwa shida. Lithiamu imetumika kutibu ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) tangu mwaka 1949, na bado hatujui vizuri inakaa sehemu gani za ubongo kwa wale inaowasaidia na wale isiowasaidia. Ishara yake ni ndogo mno, picha za sasa zinatoka kwa mabaka makubwa, na hapo kila tesla ina kazi. NeuroSpin wameitaja lithiamu kati ya shabaha zao. Wakituletea ramani yake inayotenganisha makundi hayo mawili ya wagonjwa, nitakubali kwamba zile tani 132 zimelipa gharama. Picha kali zaidi ya gamba la ubongo wa mtu mwenye afya, peke yake, hainitoshi.