Dole gumba la mwenyekiti

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa siku hizi hufanya maamuzi mengi WhatsApp. Juzi mweka hazina alileta hoja kwamba riba ya mkopo wa dharura ishushwe. Dakika haijaisha, mwenyekiti kabandika dole gumba. Yakafuata madole 11 mfululizo. Mama mmoja aliandika ujumbe mrefu wenye hesabu, akionyesha gawio la Desemba litapungua kwa kiasi gani. Hakupata hata dole moja, na wawili kati ya waliopiga dole waliniambia pembeni kwamba ujumbe ule hawakuusoma.

Mtu angesema basi kura za namna hii zifutwe. Sikubaliani. Stack Overflow, mtandao wa maswali na majibu ya waandishi wa programu ulioanza 2008, usingefika popote bila wanachama kupeana alama. Hata kushusha jibu la mwenzako kuna bei: yeye anapoteza alama 2, wewe uliyemshusha unapoteza 1. Ukitaka kumkomoa mtu, ujue nawe unachangia.

Lakini pale kuna hakimu wa nje. Msimbo wa programu ama unafanya kazi, ama haufanyi. Kwenye mjadala wa namna ya kuamua jambo hakimu huyo hayupo, na alama inabeba mizigo mingi kwa pamoja: nimekubali, nimekuheshimu, nakudai fadhila, au nimeona wenzangu wamepiga. Watafiti Muchnik, Aral na Taylor walilipima hilo katika utafiti uliochapishwa 2013. Kwenye mtandao mmoja wa habari, walichagua maoni kwa bahati nasibu na kuyapa kura moja nzuri mara tu yalipoandikwa. Wastani wa alama za mwisho ulipanda kwa asilimia 25. Kura mbaya za kupandikiza hazikufua dafu, kwani wasomaji wengine walizisawazisha. Kumbe kundi linajua kukinga mtu asionewe. Asipendelewe, hapo linalala.

LessWrong, jukwaa la watu wanaojadili jinsi ya kufikiri na kuamua, mwaka 2022 lilianza kutenganisha kura kwenye maoni: moja ya ubora wa mchango, nyingine ya kukubali au kukataa. Kwangu hapo ndipo penye ufundi. Hesabu za yule mama zingeweza kupata alama za juu za ubora hata kama wengi wanapinga anachotaka. Ila jukwaa hilohilo huipa kura ya aliyekwisha kukusanya alama nyingi uzito zaidi. Wanaoutetea mpango huo wana hoja: wageni 50 wakivamia usiku mmoja, hawapindui nyumba. Sawa, uzito huo utumike kufagia takataka. Ukiingia kwenye kukubali na kukataa, wakongwe wanahesabiwa mara mbilimbili.

Taiwan walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2015, walipojadili Uber kupitia vTaiwan, mpango wa wananchi kushauriana na serikali mtandaoni, walitumia Pol.is, programu ya kukusanya maoni ambako hakuna kujibizana kabisa. Unaandika kauli, wengine wanakubali, wanakataa au wanapita, kisha mtambo unaonyesha kauli ambazo hata kambi zinazopingana zimezikubali. Matusi yanakosa pa kushika. Lakini hesabu nazo zinakosa wa kuzihoji, na mimi nilitamani mtu amjibu yule mama, hata kwa kumpinga.

Sisi tumejaribu dogo tu: kura zinatumwa faragha hadi saa tatu usiku, kisha zinatangazwa kwa mkupuo. Mwenyekiti amenung'unika, akakubali. Safari hii madole yalipungua na maswali yakaongezeka. Ila kura zote zilikuwa kwenye simu ya mweka hazina, na hoja ilikuwa yake.